Ukitaka kujua malkia wa India alitawala kweli, fuata hela

Mtu akisikia malkia wa India, moja kwa moja anamuwaza Rani Lakshmibai wa Jhansi, farasi, upanga, mtoto kafungwa mgongoni. Sina ugomvi naye, Waingereza walimnyang'anya Jhansi mwaka 1854 kisa mrithi aliyeachwa na mumewe alikuwa mtoto wa kuasili, na akafa vitani karibu na Gwalior Juni 1858, heshima zake anazo. Ila mimi kazi yangu ni sarafu na stempu za zamani za huko, na ukikaa na hivyo vitu mezani unaanza kuuliza mambo mengine kabisa: funguo za hazina alikuwa nazo nani? Fedha imepigwa kwa jina la nani? Na Ijumaa msikitini, khutba imemtaja nani? Maana kwa masultani wa kule sarafu na khutba ndo vilikuwa kitambulisho cha mtawala, mengine mbwembwe.

Haya, Razia wa Delhi, 1236 hadi 1240. Baba yake Sultan Iltutmish alipofariki wakubwa wa jeshi, Waturuki, wakamweka kaka yake wa baba mmoja, kijana wa starehe tu, mama mtu ndo anaendesha nchi, na hata mwaka hawakumaliza. Razia akaenda kwa wananchi wa Delhi wenyewe, wakamuinua. Akapiga sarafu, akaweka pazia pembeni, akawa anapanda tembo mchana kweupe watu wanamuona. Wale wakubwa walidhani wamepata mtu wa kumchezea, kumbe mwenzao anagawa vyeo anavyotaka yeye, mkuu wa mazizi ya farasi wa kifalme akawa Yaqut, Mhabeshi, yani mtu wa huku kwetu Afrika, hapo moto ukawaka. Yaqut akauawa, Razia akafungwa Bathinda, akaolewa na huyohuyo gavana aliyemfunga, wakarudi wote kuidai Delhi wakapigwa, na akauawa 1240. Hadithi za mapenzi yake na Yaqut mtazisikia sana, mimi naona ni watu waliokasirikia vyeo wakatafuta la kusema. Mwanahistoria Minhaj-i-Siraj, ambaye alikuwa kadhi enzi hizohizo, aliandika kwamba sifa zote za mfalme alikuwa nazo ila hakuzaliwa mwanaume, sasa zitamsaidia nini. Miaka karibu 800 imepita na bado ofisini kuna watu wanaongea hivyohivyo.

Nur Jahan ni mambo mengine. Mjane, wazazi wake wahamiaji kutoka Iran, anaolewa na mfalme Jahangir mwaka 1611, na Jahangir pombe na afyuni vilikuwa vimeshamkalia vibaya. Baba mtu waziri, kaka mtu yumo, na mwenyewe ana meli zake za biashara na ushuru wake anakusanya. Sarafu zake ndo kitu cha kuangalia kwa karibu, zipo za dhahabu na za fedha, zimeandikwa shairi la Kiajemi, beti moja tu inazunguka pande mbili, kwamba kwa amri ya Shah Jahangir dhahabu imepata mapambo mia kwa kubeba jina la Nur Jahan, Padshah Begum, yani malkia mkuu. Soma tena hapo. Jina ni lake, ila amri ni ya mume. Na khutba haikuwahi kusomwa kwa jina lake. Kwahiyo Jahangir alipokufa 1627 kila kitu kilikatika siku hiyohiyo, kaka yake mwenyewe akamgeuka akamsapoti mkwewe Shah Jahan, Nur Jahan akapewa pensheni ya rupia laki 2 kwa mwaka akakaa Lahore mpaka alipofariki 1645.

Sasa ninayempenda mimi ni Ahilyabai Holkar, mtawala wa Malwa, India ya kati, na huyu ukifuata kanuni yangu ya sarafu kijinga utampita kabisa, kwasababu rupia zake zina jina la mfalme wa Delhi, Shah Alam! Koo kubwa za Wamaratha, Wahindu waliokuwa na nguvu India enzi hizo, ukoo wake ukiwemo, zilikuwa zinafanya hivyo, jina la mfalme linabaki ili fedha ikubalike sokoni, lakini geuza, angalia alama ndogo ya kiwanda cha sarafu cha Maheshwar, mji wake mkuu, utaona lingam, yani nembo ya mungu Shiva wa Wahindu, na jani la mti wa bilva. Hiyo ndo saini yake.

Mume alikufa kwenye mzingiro wa ngome ya Kumher 1754, inasimuliwa mkwewe Malhar Rao ndiye aliyemzuia asijichome na maiti, alafu huyo mzee akamfundisha kazi. Ipo barua ya 1765 anamuagiza avuke mto Chambal aende Gwalior na mizinga mikubwa na ahakikishe baruti ipo ya kutosha, yani mkwe anamuandikia mkaza mwanae kama anamuandikia jenerali. Mzee akafa 1766, mtoto wa Ahilyabai akafa mwaka uliofuata, na mama akakaa mwenyewe hadi 1795, jeshi akamwachia kamanda wake Tukoji, hesabu akabaki nazo yeye.

Hapo kwenye hesabu ndo penye siri. Ukoo wa Holkar ulikuwa na mfuko unaoitwa khasgi, mali ya mama wa nyumba, mashamba na mapato yake mbali na hazina ya serikali, ulianza na mama mkwe wake. Ahilyabai aliutumia huo kujenga hekalu la Kashi Vishwanath kule Varanasi 1780, na Somnath, na Gaya, na ngazi za mtoni na visima, sehemu ambazo hata hakuzitawala. Hakupeleka jeshi huko, alipeleka mafundi na hela, na jina lake likakaa. Wafumaji nao akawaleta Maheshwar, sari zake mpaka leo zinauzwa.

Bhopal, dola nyingine ya India ya kati, nitapita haraka ingawa wanastahili zaidi, wanawake 4, mabegum, wametawala kati ya 1819 na 1926. Shah Jahan Begum alichangia msikiti wa Woking, Uingereza, 1889, na bado unabeba jina lake. Na stempu zake za miaka ya 1870! Fundi alichora kila stempu peke yake kwenye jiwe la kuchapia, basi herufi za Kizungu zikamshinda, unakuta BEGAM imekuwa BFGAM, NAWAB imekuwa NWAB, wakusanyaji leo wanazigombania. Ila katikati hamna wino, karatasi imebonyezwa tu, iinue kwenye mwanga uone jina la begum kwa Kiurdu, hilo halina makosa.