"Ethi mbovu" kwenye boti maana yake nini, na kwa nini geji ya mafuta inadanganya

Fundi akikwambia "hiyo ni ethi tu" usidhani anakwepa kazi. Ethi ni njia ya umeme kurudi kwenye betri, umeme ukitoka chanya ukapita kwenye taa au pampu au geji lazima urudi hasi, sasa gari bodi yake ni chuma kwa hiyo unafunga waya popote na mambo yanaenda, lakini boti ya faiba au mbao haipitishi umeme, kila kifaa kinataka waya wake wa kurudi, na waya huo unashinda kwenye unyevu na chumvi.

Geji ndo inaumbuka mapema maana kazi yake yenyewe ni kusoma ukinzani, yaani kiasi umeme unavyozuiwa kupita. Ndani ya tangi kuna boya, likipanda na kushuka linabadilisha ukinzani wa sensa iliyofungwa pale juu. Sensa za mtindo wa Marekani zinasoma kama omu 240 (omu ndo kipimo cha ukinzani) tangi likiwa tupu na 33 likijaa, za Ulaya ni kinyume, 10 tupu na 180 limejaa. Ethi ya sensa ikishika kutu inaongeza omu zake humo humo na geji haiwezi kujua zimetoka wapi, kwa hiyo ya Kimarekani itakutisha mafuta yamepungua kumbe yapo, ila ya Ulaya itakwambia yapo kumbe yanaisha, na hiyo ndo ya kuogopa ukiwa katikati ya maji. (Ukichanganya geji ya huku na sensa ya kule pia hutapata ukweli hata siku moja.)

Dalili ninayoiamini ni hii: washa pampu ya kutoa maji uangalie mshale wa geji, ukicheza au taa zikafifia basi kuna ethi wanayochangia na imechoka.

Kupima, weka mita ya umeme kwenye volti, washa vitu, ncha moja iguse hasi ya betri yenyewe na nyingine iguse ethi ya sensa. Isome karibu na sifuri. Ikionyesha nusu volti kuna mahali umeme unapotelea. Kipimo cha omu peke yake kinadanganya, waya uliobaki na uzi mmoja mzima unasoma vizuri tu, ukipewa mzigo ndo unashindwa.

Na usiishie kuangalia kwa nje. Vua ile plastiki ya kwenye kichwa cha waya, mara nyingi utakuta unga wa kijani na shaba imegeuka nyeusi, hapo kusugua msasa ni kujidanganya, kata mpaka ufike shaba inayong'aa, ufunge kichwa kipya na uzibe maji yasiingie. Kama ni injini ya petroli fungua vifuniko kwanza hewa ipite na uchomoe betri kabla ya kulegeza nati yoyote pale kwenye tangi, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unakaa chini ya sakafu ya boti ukisubiri cheche.