Tawasifu Haigeuki Igizo kwa Kupunguzwa Kurasa

Wengi wanaoniletea tawasifu zao tuzipandishe jukwaani huja na kauli ileile: "Kitabu kiko tayari, tupunguze tu kurasa." Imenichosha, kwa sababu inaua maigizo mazuri kabla ya mazoezi kuanza.

Tupige hesabu. Kitabu cha maneno 60,000, kikisomwa kwa sauti maneno 100 kwa dakika, ni saa 10. Igizo la mtu mmoja ni kama saa moja: maneno 6,000, na hapo hujaweka kimya wala mwendo. Ukikata kurasa mpaka ufike hapo utabaki na muhtasari, na hakuna mtu atakayetoka Kasarani jioni, avumilie msongamano wa Thika Road hadi Kenya National Theatre, aje kusomewa muhtasari.

Kitabu hueleza, jukwaa hudai kitendo. Chukua sentensi hii: "Mama alishikwa na wasiwasi kila baba alipochelewa." Kitabuni inatosha. Jukwaani ifute, umpe mwigizaji leso za kukunja. Anakunja ya kwanza, anakunja ya pili, matatu inasimama nje, mikono inaganda. Hodi haisikiki. Anaikunjua ile ya pili na kuanza upya. Hadhira imeshawajua mama na baba bila neno kutamkwa.

Ndiyo maana, kabla hatujaandika mstari wowote, huuliza: unamwambia nani, na kwa nini leo? Anayesema peke yake bila kujua anamwambia nani huishia kuhutubia. Akiwa anazungumza na marehemu baba yake usiku wa kuamkia mazishi, maelezo yote ambayo baba aliyajua yanadondoka, na yanabaki yale ambayo hawakuwahi kuambiana. Huna jibu? Weka kalamu chini. Hapo silegezi, hata mtu akinuna.

Mwandishi Mmarekani Joan Didion alipogeuza The Year of Magical Thinking, kitabu chake kuhusu kufiwa na mumewe, kuwa igizo, lililofika kwenye kumbi za Broadway, New York, mwaka wa 2007, hakukata tu. Binti yake alikuwa amefariki mwaka wa 2005, baada ya kitabu kukamilika, na kifo hicho kikaingia kwenye igizo. Aliyesimama jukwaani alikuwa mwigizaji Vanessa Redgrave, si Didion. Kwa hivyo pia si kweli kwamba lazima mwenye maisha ayaigize mwenyewe.

Kisha huja pingamizi. "Niko peke yangu, mwelekezi wa nini?" Wa kukuona. Wewe hujioni.

"Ni maisha yangu, siombi ruhusa." Soma mkataba wako na mchapishaji. Haki ya kugeuza kazi inalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya 2001, na huenda uliitoa kwa kutia sahihi bila kuangalia. Na shangazi uliyemwanika anaweza kukushtaki kwa kumharibia jina. Kumbandika jina jingine hakusaidii ikiwa majirani wote wa ploti wanamtambua.

"Nikilia, nao watalia." Hili nalo linanikera. Mwigizaji akibubujikwa, mara nyingi hadhira huanza kumhofia yeye na kusahau kisa. Akipambana na machozi huku akitafuta neno, ndipo vitambaa hutolewa mifukoni. Kama mazoezini bado huwezi kuufikisha mwisho ule ukurasa wa hospitali, tunautoa kwa sasa, na tunaanza na onyesho unaloweza kulibeba kila usiku.