Gemu za zamani: miaka ishirini ijayo atanunua nani?

Wanaoniletea konsoli (mashine za kuchezea gemu) na katriji (vikasha vya plastiki vyenye gemu ndani) za zamani nizitengeneze huishia kwenye swali lile lile: nikizihifadhi, bei itapanda? Jibu langu huwaudhi. Inategemea mnunuzi wa wakati huo alicheza nini akiwa na miaka kumi.

Mwaka 2021 uliwachanganya wengi. Julai ya mwaka huo, huko Marekani, nakala ya The Legend of Zelda ambayo haijafunguliwa iliuzwa mnadani kwa dola 870,000, na muda si muda Super Mario 64 ikavuka dola milioni 1.5. Sasa, Super Mario 64 si gemu adimu hata kidogo. Ziliuzwa nakala zaidi ya milioni 11. Kilicholipiwa pale ni nailoni isiyochanika na alama 9.8 kati ya 10 ya wakaguzi, yaani kampuni zinazopima hali ya gemu na kuifungia kwenye kasha. Soko hilo lina wanunuzi wachache, na anayenunua kwa sababu tu bei inapanda ndiye wa kwanza kuuza ikianza kushuka.

Mkusanyaji wa kawaida ni mtu mwingine kabisa. Yeye hununua utoto wake, na huanza pale anapopata fedha ya ziada, kwenye miaka thelathini au arobaini hivi. Ndiyo maana katriji nyingi za Atari 2600, konsoli ya mwaka 1977, ni za bei rahisi kuliko diski za GameCube iliyotoka 2001. Waliokua na Atari wanazeeka, na watoto wao hawaitamani. Naamini gemu za kawaida za NES, konsoli ya Nintendo ya miaka ya 1980, zitafuata njia hiyo hiyo.

Ninazozitegemea zaidi ni zile zilizotoka konsoli ikiwa inakata roho, zikachapwa chache, kisha hazikutolewa upya. Panzer Dragoon Saga ya Sega Saturn, ya 1998, ni mfano mzuri. Halafu angalia kasha na kitabu cha maelezo: watoto walivitupa, kwa hiyo mara nyingine karatasi hizo zina bei kuliko katriji yenyewe.

Lakini kuna jambo ambalo wauzaji hawapendi kulizungumzia: vitu hivi vinaoza. Katriji nyingi zinazohifadhi mchezo zina betri ndogo iliyolehemiwa kwenye bodi, kile kibao chenye saketi. Kwenye Pokémon Gold na Silver betri hiyo huendesha pia saa, hivyo huisha mapema na kila ulichohifadhi kinapotea. Hiyo hubadilishwa kwa dakika chache. Kapasita, vijipipa vidogo vya kuhifadhi umeme, za Game Gear (konsoli ya mkononi ya Sega) ni balaa zaidi, zikivuja majimaji yake hula njia za shaba, na nimeona bodi ambazo hazina tena pa kushika lehemu. Diski ndizo zisizo na dawa. Hewa na unyevu vikiifikia tabaka ya alumini, inaliwa. Inue diski mbele ya taa, ukiona vitobo vinavyopitisha mwanga, usitoe fedha yako.

Sasa rudi kwenye ile Zelda ya dola 870,000. Ndani yake mna betri. Hakuna atakayeibadilisha, maana kuifungua ni kuiua bei, na alama ya wakaguzi haisemi lolote kuhusu hali ya bodi. Binafsi siwezi kuweka akiba yangu kwenye kitu ambacho siruhusiwi kukichungulia.

Katriji bandia nazo zimejaa, hasa za Game Boy Advance, konsoli ya mkononi ya Nintendo. Lebo siku hizi inaigwa vizuri mno, kwa hiyo fungua uangalie bodi: ukikuta tone jeusi la gundi mahali ambapo chipu ingekaa, umeuziwa feki.

Na ukirithi sanduku zima la gemu, usikimbilie kupiga picha za kuuza. Anza na padi, rimoti na konsoli za mkononi, toa betri zote zilizoachwa ndani, usafishe kutu kwa siki kidogo na kijiti cha pamba, ndipo uwashe kimoja kimoja.