Reli ikifika Mtwara, malori hayatakosa kazi

Kila inapotajwa reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, wapo wanaosema treni ikianza tu, malori ya korosho yatakosa kazi. Si kweli. Treni huishia stesheni, na haipiti mlangoni pa kila ghala la Newala au Tandahimba.

Chukua behewa la tani 40. Hayo ni magunia 500 ya kilo 80. Fuso la tani 10 hubeba 125, kwa hiyo behewa moja linataka safari nne, na treni ya mabehewa 20 safari 80. Malori yakifika yote asubuhi moja, ni foleni. Yakichelewa, mabehewa yanasimama matupu. Gharama hujificha hapo, wala si njiani.

Kila lori lipangiwe saa yake ya kufika. Mzigo upimwe na karatasi zikamilike ghalani, kabla gari halijaondoka. Jukwaa la stesheni lilingane kimo na sakafu ya behewa, makuli wavushe gunia badala ya kulipandisha begani. Paa nalo ni lazima: minada huanza Oktoba, mvua hufuata, na korosho iliyolowa huota ukungu.

Kontena huokoa zaidi, maana hufungwa lakiri ghalani na gunia haliguswi tena. Ila mashine ya kulinyanyua huzama kwenye mchanga. Uwanja usakafiwe kwanza.