Umepata vyuo viwili? Uliza miezi ya fildi, usihesabu wiki

Kila TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, inapotoa majina ya awamu ya kwanza ya udahili, simu za kitengo chetu cha mafunzo kwa vitendo hapa Moshi hazipumziki. Wengi wanaopiga wana bahati ambayo wenzao wanaililia: kijana mmoja, vyuo viwili. Swali lao ni lilelile. Chuo kimoja kina fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, ya wiki nane mwishoni mwa mwaka wa kwanza na wa pili, kingine kinamtoa mwanafunzi darasani kwenda kazini muhula mzima akiwa mwaka wa tatu, kipi bora? Safari hii yameongezeka malalamiko ya waliokwisha kuchagua bila kuuliza, ndiyo sababu ya kuandika. Ieleweke kwamba makala haya hayachukui nafasi ya mwongozo wa udahili wa TCU wala kanuni za chuo chochote, na hatutakisifia chuo wala kukiponda.

Acheni kuhesabu wiki. Wapo wazazi wanaoamini miezi mitano inaishinda miwili kama noti ya elfu kumi inavyoishinda ya elfu mbili. Sivyo. Cha kuuliza ni miezi ipi.

Chukua mwanafunzi wa utalii aliyepata nafasi Arusha. Fildi ya wiki nane kati ya Julai na Septemba inamkuta ndani ya msimu wenyewe: nyumbu wako kaskazini mwa Serengeti, magari ya kampuni yanatoka alfajiri, mapokezi hakukaliki. Mwenzake ambaye muhula wake wa kazini unaangukia Machi hadi Mei anakutana na masika. Kambi nyingi hufungwa Aprili na Mei, watumishi wanapewa likizo, naye anabaki stoo akihesabu mashuka. Kwenye karatasi huyu wa pili ndiye mwenye fildi ndefu.

Kwa uhasibu ni hivyohivyo. Mwaka wa fedha wa Serikali unafungwa 30 Juni, na hesabu za mwaka zinatakiwa kumfikia CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ndani ya miezi mitatu. Aliyeko halmashauri katika miezi hiyo anaona hesabu zinavyofungwa, makosa yakiwemo. Mwanafunzi wa ushirika naye aulize kahawa inavunwa lini, kwa sababu AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, za huku mlimani zina pilikapilika nusu ya pili ya mwaka. Mwezi Machi unaweza kumkuta karani peke yake na rejista zake.

Hatusemi muhula mzima hauna faida. Kwa uhandisi na TEHAMA unaweza kuwa ndiyo uamuzi sahihi, maana kiwandani mgeni haguswi na mashine ya maana wiki za mwanzo. Akianza kuaminiwa, wiki nane zimekwisha. Mfumo wa kupishanisha darasa na kazi ulianzia Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, mwaka 1906, tena kwa wanafunzi wa uhandisi, kwa hoja kwamba yapo mambo ya fani hiyo ambayo karakana ya chuo haiwezi kuyafundisha. Kwa hiyo fani kwanza, urefu baadaye.

Sasa utaratibu, na hapa naomba usomaji wa makini. Katika vyuo vingi chuo hakimtafutii mwanafunzi nafasi. Kinampa barua ya utambulisho. Yeye anaipeleka ofisini, anarudi na barua ya kukubaliwa yenye muhuri na jina la msimamizi, kisha anaiwasilisha kitengoni kabla ya tarehe ya mwisho. Bila barua hiyo hapangiwi msimamizi wa chuo. Asipotembelewa na msimamizi hana alama. Asipokuwa na alama matokeo hayakamiliki, na fildi anairudia likizo inayofuata kwa gharama zake, wenzake wakiwa wanavaa majoho. Logibuku, daftari la kumbukumbu za kazi za fildi, hujazwa kila siku na kusainiwa kila wiki. Mara kwa mara tunapokea logibuku ambayo Jumatatu imeandikwa “nilisaidia kazi za ofisi”, Jumanne “kama jana”, na mstari mmoja umeshushwa hadi Ijumaa. Hiyo si kumbukumbu ya kazi. Na anayechonga muhuri wa ofisi ajue kwamba kughushi ni kosa la jinai, achilia mbali kamati ya nidhamu ya chuo. Tunapiga simu kuhakiki. Bado kuna wanaodhani hatupigi.

Kwa hiyo, mzazi, kiulize kila chuo: nafasi anatafuta nani? Kipo chuo chenye makubaliano na waajiri, na kipo kinachotoa barua na kumtakia mwanafunzi kila la heri. Tofauti hii ni nzito kuliko idadi ya wiki.

Fedha watu huzikumbuka mwisho. Mkopo wa Bodi ya Mikopo una kipengele cha mafunzo kwa vitendo, hulipwa kwa siku, na miongozo ya Bodi imekuwa ikitaja siku zisizozidi 56 kwa mwaka wa masomo. Hizo ni wiki nane. Programu ya muhula mzima inapita hapo, na siku zinazozidi zina nauli, chakula na pango. Usisubiri bumu, fedha ya mkopo ya kujikimu, likuokoe. Kama kijana ana ndugu wa kumpokea Arusha mjini, ni hesabu nyingine. Kama atapanga chumba, pigeni hesabu kabla hajathibitisha chuo. Soma mwongozo wa Bodi wa mwaka wako, usisome wa kaka yako.

Lingine linalotuchosha kidogo: fildi ndefu haimwondolei mtu masharti ya fani yake baada ya kuhitimu. Daktari atafanya utarajali, yaani kazi ya hospitali chini ya usimamizi, wa mwaka mmoja hata kama alizunguka wodini tangu mwaka wa pili. Mhandisi anayetaka usajili kamili ERB, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, anahitaji uzoefu wa baada ya shahada. Mwanasheria anayetaka uwakili atapita Shule ya Sheria. Chuo kikikuahidi njia ya mkato hapo, omba maandishi.

Kuhusu kuthibitisha: aliyedahiliwa zaidi ya chuo kimoja hupokea namba ya siri, ambayo huiingiza kwenye akaunti ya chuo anachokitaka ndani ya muda uliotangazwa. Unathibitisha chuo kimoja tu. Asiyethibitisha kwa wakati anapoteza nafasi, hata kama simu ilizimika au kijana alikuwa kambini JKT na namba iko kwa shangazi. Aliyekosea anaweza kufuta uthibitisho wake na kuchagua upya dirisha likiwa bado wazi. Likishafungwa kinachobaki ni maombi ya uhamisho, nayo huangalia sifa za kujiunga na nafasi iliyopo kwenye programu. Kalenda ya fildi si sababu inayopokelewa.