Kutoegemea upande michezoni: maana yake, na nani hasa anafungwa nako

Tarehe 7 Februari 2024, katika uwanja wa Ebimpé jijini Abidjan, wachezaji wa Kongo walijipanga kusikiliza wimbo wao wa taifa kabla ya nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika dhidi ya wenyeji, Ivory Coast. Wakaziba midomo kwa viganja vya mikono ya kulia. Kwa vidole vya mikono ya kushoto wakafanya umbo la bastola, wakaielekeza kichwani. Kocha wao Mfaransa, Sébastien Desabre, naye akafanya vivyo hivyo. Hakuna aliyetamka neno, lakini kwa mtu wa Goma au Bukavu ujumbe haukuhitaji mkalimani: watu wa mashariki wanauawa, na dunia imenyamaza. Mechi ikachezwa, Kongo ikafungwa 1-0.

Kila jambo la namna hii likitokea, haikosekani sauti ya kusema kwamba mpira ni mpira na siasa ni siasa. Kauli hiyo ina jina lake rasmi kwenye vitabu vya kanuni: kutoegemea upande wowote. Watu wengi huitaja bila kujua inasema nini hasa, inamhusu nani na inaishia wapi.

Kwa ufupi, kutoegemea upande michezoni ni msimamo kwamba uwanja, jukwaa la washindi na sherehe za mashindano visitumike kutangaza hoja za kisiasa, za kidini au za rangi. Katika Olimpiki msimamo huo umeandikwa kwenye Kanuni ya 50 ya Mkataba wa Olimpiki, inayokataza maandamano na propaganda za aina hizo katika maeneo yote ya michezo. Katika soka, sheria ya vifaa vya mchezaji inakataza maneno au picha za kisiasa, za kidini na za kibinafsi kwenye jezi na vifaa vingine. Zingatia kwamba kanuni hizi hazisemi mwanamichezo asiwe na maoni. Zinazungumzia mahali, wakati na namna. Mkimbiaji anayehojiwa na redio wiki moja kabla ya mashindano kuhusu bei ya unga au uchaguzi wa nchi yake hajavunja Kanuni ya 50 hata kidogo. Anayemwambia "wewe kimbia tu, siasa waachie wenyewe" anaongeza kanuni yake mwenyewe juu ya ile iliyopo.

Sababu ya kuwepo kwa kanuni hii si ya kupuuzwa. Olimpiki hukusanya wanamichezo wa mataifa zaidi ya 200, na baadhi ya mataifa hayo yako vitani wakati huohuo. Vijana wao wanakula kwenye bwalo moja na kusubiri zamu kwenye chumba kimoja. Kila jukwaa la medali likigeuka mkutano wa hadhara, atakayefaidi kwanza ni serikali yenye nguvu, itakayowapa vijana wake ujumbe wa kubeba, wapende wasipende. Kanuni nzuri ingekuwa ngao ya mwanamichezo dhidi ya wakubwa wa nchi yake. Shida ni kwamba mara nyingi imetumika kuwalinda wakubwa dhidi ya mwanamichezo.

Mfano unaotajwa kuliko yote ni wa Mexico City, tarehe 16 Oktoba 1968. Tommie Smith wa Marekani alishinda mita 200 kwa sekunde 19.83, rekodi ya dunia. Peter Norman wa Australia akawa wa pili, John Carlos wa Marekani wa tatu. Wamarekani hao wawili, wote weusi, walipanda jukwaani bila viatu, wamevaa soksi nyeusi, ishara ya umaskini wa watu weusi nchini mwao. Carlos alikuwa amesahau glavu zake, na Norman ndiye aliyependekeza wagawane zile za Smith. Ndiyo maana kwenye picha ile Smith ameinua ngumi ya kulia na Carlos ya kushoto. Norman hakuinua mkono, lakini kifuani alibandika beji ileile waliyovaa wenzake, ya mradi wa wanamichezo waliotetea haki za binadamu.

Avery Brundage, rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, alitaka waadhibiwe, na wakafukuzwa kwenye kijiji cha wanamichezo. Brundage huyohuyo ndiye aliyekuwa mkuu wa kamati ya Olimpiki ya Marekani mwaka 1936, na ndiye aliyepigania timu yake iende Berlin wengine walipotaka ususiaji. Kule saluti ya Kinazi ilipigwa mpaka kwenye jukwaa la washindi, naye hakuona tatizo, kwa hoja kwamba hiyo ilikuwa saluti ya taifa. Hapa ndipo dhana yenyewe inapofichua udhaifu wake. Ishara ya dola ilihesabiwa kuwa desturi, na ishara ya raia ikahesabiwa kuwa siasa. Tena, siku kumi kabla Michezo ya 1968 haijafunguliwa, askari wa Mexico walikuwa wamewafyatulia risasi wanafunzi katika uwanja wa Tlatelolco, jijini humohumo, na Michezo ikaendelea kama kawaida. Serikali hiyo haikuambiwa imeingiza siasa kwenye Olimpiki.

Norman alifariki mwaka 2006, na Smith na Carlos walisafiri hadi Australia kubeba jeneza lake. Bunge la Australia lilimwomba radhi mwaka 2012, miaka sita baada ya kuzikwa.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza anayetaja kutoegemea upande ni hili: nani ameamua kwamba hii ni siasa na ile siyo? Tuangalie hapa kwetu. Tangu 2023 Rais wa Tanzania amekuwa akitoa shilingi milioni 5, baadaye zaidi, kwa kila goli la Simba na Yanga katika mashindano ya Afrika. Goli la Mama, tunaliita. Mashabiki wamelipenda, wachezaji wamefaidika, na sina ugomvi na hilo. Ila kiongozi wa nchi anapotajwa kila nyavu zikitikisika, siasa imo uwanjani, na imekaribishwa kwa shangwe. Vivyo hivyo kwa wasanii. Kila msimu wa kampeni, majukwaa ya vyama hujaa wanamuziki waliovaa rangi za chama, na hakuna anayewaambia msanii abaki kwenye sanaa. Neno hilo hutunzwa kwa ajili ya msanii anayeimba kwamba maisha ni magumu. Machi 2017 polisi walimkamata Nay wa Mitego kwa sababu ya wimbo uliowasema wakubwa. Siku iliyofuata akaachiwa baada ya waziri kueleza kwamba Rais Magufuli ameupenda. Alifurahi, na sisi tulifurahi naye. Lakini uhuru unaotegemea wimbo umemkuna nani hauwezi kuitwa kanuni.

Msanii, kwa kweli, hafungwi na kitu kinachofanana na Kanuni ya 50. Kinachomfunga ni mkataba wa shoo, kibali cha mamlaka na mfuko wa mdhamini. Shoo ikiwa yake, tiketi zimeuzwa kwa jina lake, sioni mtu wa kumpangia aseme nini kati ya wimbo na wimbo. Akialikwa kutumbuiza harusini au kwenye sherehe ya kampuni, mwenye shughuli ana haki ya kuweka masharti, mradi ayaseme mapema na msanii ayakubali kwa macho mawili.

Kuna jambo la pili ambalo huchanganywa sana na hili: mwanamichezo kusema na nchi kusema kupitia mwanamichezo. Filbert Bayi, mkimbiaji wa Tanzania, anatufundisha tofauti hiyo kuliko kitabu chochote. Februari 1974, mjini Christchurch, aliongoza fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola tangu mwanzo hadi mwisho na kuvunja rekodi ya dunia, akimwacha nyuma mwenyeji, John Walker wa New Zealand. Dunia nzima ikasubiri warudiane Montreal 1976. Hawakurudiana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, mwaka uleule wanafunzi wa Soweto walipouawa kwa risasi za polisi. Kamati ya Olimpiki ikakataa kuiondoa New Zealand, na nchi zaidi ya 20, nyingi za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo, zikasusia. Walker akachukua dhahabu.

Mimi naamini ususiaji ule ulikuwa wa haki. Lakini lazima tukubali kwamba aliyelipa gharama ni Bayi na wenzake, na uamuzi haukuwa wao. Hilo halikuwa suala la mwanamichezo kutoa maoni, bali la dola kutumia kutokuwepo kwake kama kauli.

Miaka minne baadaye Rais Carter wa Marekani alitaka Afrika isusie Michezo ya Moscow, kwa kuwa Wasovieti walikuwa wameingia Afghanistan. Februari 1980 akamtuma Muhammad Ali, kituo cha kwanza Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye. Waandishi wa habari wakamuuliza Ali kwa nini Afrika iifuate Marekani sasa, wakati Marekani haikuiunga mkono Afrika mwaka 1976. Ali hakuwa na jibu, maana hilo hakuwa ameelezwa. Huyu ni mtu ambaye mwaka 1967 alikataa kwenda jeshini kupigana Vietnam, akavuliwa ubingwa, na dunia ikamheshimu kwa sababu neno lile lilikuwa lake mwenyewe. Dar es Salaam alileta neno la serikali, na lilisikika hivyo. Tanzania ikaenda Moscow, Kenya ikasusia. Bayi akapata fedha katika mita 3000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui akapata fedha katika mita 5000. Hadi baada ya Paris 2024, hizo ndizo medali zetu pekee za Olimpiki.

Kanuni ya 50 yenyewe imelegezwa. Kabla ya Michezo ya Tokyo, mwaka 2021, wanamichezo waliruhusiwa kutoa ishara zao uwanjani kabla ya shindano kuanza, na kusema watakalo kwenye mahojiano na mitandao ya kijamii, mradi wasilenge watu au nchi fulani na wasivuruge mchezo. Timu kadhaa za soka la wanawake zikapiga goti kabla ya filimbi, ishara ya kupinga ubaguzi wa rangi. Marufuku ilibaki kwenye jukwaa la medali, wakati wa shindano lenyewe, kwenye sherehe za ufunguzi na ufungaji na katika kijiji cha wanamichezo.

Mpaka huo mpya ndio uliomkamata Manizha Talash huko Paris, Agosti 2024. Ni msichana aliyeikimbia Afghanistan ya Taliban akawa mmoja wa timu ya wakimbizi, katika mashindano ya breki dansi. Akicheza, alifunua kitambaa chenye maneno ya kudai wanawake wa Afghanistan wawe huru. Akaondolewa mashindanoni. Kwa maandishi ya kanuni waamuzi walikuwa sahihi. Lakini timu ya wakimbizi ipo kwa sababu kuna serikali zilizowafukuza watu hawa. Huwezi kuwaita wakimbizi, ukawapa bendera ya Olimpiki ili dunia ione masaibu yao, kisha ukawaadhibu kwa kuyataja.

Feyisa Lilesa wa Ethiopia aliponea. Rio 2016, akimaliza wa pili kwenye marathoni nyuma ya Eliud Kipchoge, alikunja mikono juu ya kichwa kama mtu aliyefungwa pingu, ishara ya Waoromo, watu wa kabila lake, waliokuwa wakiandamana na kuuawa nyumbani. Akairudia ishara hiyo mbele ya waandishi. Medali hakunyang'anywa. Aliogopa kurudi, akaishi Marekani hadi Oktoba 2018 hali ya kisiasa ilipobadilika.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo naiheshimu: ukimfungulia mlango Lilesa, utamzuiaje mwenye chuki? Julai 2024, kwenye Euro, mashindano ya soka ya mataifa ya Ulaya, Merih Demiral wa Uturuki alifunga magoli mawili dhidi ya Austria akashangilia kwa ishara ya mbwa mwitu inayohusishwa na kundi la wazalendo wa mrengo wa kulia kabisa. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, ikamfungia mechi mbili. Yeye alisema alionyesha fahari ya kuwa Mturuki tu. Jibu langu ni kwamba kipimo kiwe madhara. Anayetukana watu kwa kabila, dini au rangi yao, anayechochea fujo, anayevuruga shindano la mwenzake, aadhibiwe. Anayeomba watu wake wasiuawe aachwe. Kuna ishara zitakazoangukia katikati, na hapo kamati italazimika kukaa, kusikiliza na kutoa sababu zake kwa maandishi. Ni kazi ngumu kuliko kupiga marufuku kila kitu, lakini kazi hiyo tayari wanaifanya. Februari 2022 FIFA na UEFA ziliiondoa Urusi kwenye mashindano yao kwa kuivamia Ukraine, na uamuzi huo haukuwa wa mpira.

Kanuni ikimlinda anayetaka kusema, imlinde pia anayetaka kunyamaza. Hili husahaulika. Novemba 2022 nchini Qatar, wachezaji wa Iran hawakuimba wimbo wao wa taifa kabla ya mechi na Uingereza, wakati nyumbani watu walikuwa wakiandamana baada ya kifo cha Mahsa Amini, mwanamke kijana aliyefariki akiwa mikononi mwa polisi wa maadili. Siku nne baadaye, kabla ya kucheza na Wales, midomo yao ilisogea. Baadhi ya Wairani waliwazomea jukwaani kwa kuimba, kama wengine walivyowalaumu kwa kutoimba. Wachezaji wale wana wazazi na ndugu ndani ya Iran, na hakuna shabiki aliyekaa jukwaani akiwa na haki ya kuwadai ujasiri ambao gharama yake ingelipwa na mama zao.