Je, Wajua? Mikanda Miwili ya Mieleka Ilizaliwa Rio de Janeiro Bila Mtu Kupigana Rio

Katika masimulizi rasmi ya kampuni ya mieleka ya kulipwa ya Marekani ambayo leo inaitwa WWE, mabingwa wawili wa kwanza walitawazwa katika mji mmoja. Wa kwanza ni Buddy Rogers, aliyefungua orodha ya mabingwa wa mkanda mkuu wa kampuni hiyo mwaka 1963, na wa pili ni Pat Patterson, aliyefungua orodha ya mkanda wa mabara mwaka 1979. Mji wenyewe ni Rio de Janeiro, nchini Brazili, na kila mmoja wao inadaiwa aliutwaa mkanda wake kwa kuwashinda wapinzani kadhaa katika mashindano ya mchujo yaliyofanyika huko. Ukweli ni kwamba mashindano hayo hayakufanyika, si ya mwaka 1963 wala ya mwaka 1979. Hapakuwa na ulingo uliofungwa, hapakuwa na refa, na hapakuwa na Mbrazili hata mmoja aliyekata tiketi.

Msomaji aliyewahi kubishana na wenzake mbele ya televisheni kama mieleka hii ni ya kweli au ni ya kupangwa atasema hapa hakuna la kushangaza, kwa kuwa mambo yenyewe yote ni maigizo. Lakini swali linabaki pale pale. Ikiwa promota ana uwezo wa kupanga nani ashinde na nani aangushwe mbele ya watu elfu kumi, kwa nini asipange pambano moja la kutawaza bingwa katika ukumbi wake mwenyewe, badala ya kubuni mashindano mazima ambayo hayakuwepo? Na kwa nini Rio, tena mara mbili?

Jibu linaanzia kwenye mvutano wa kibiashara. Mwezi Julai 1948, mapromota kadhaa wa eneo la kati la Marekani walikutana mjini Waterloo, jimbo la Iowa, wakaunda umoja uitwao National Wrestling Alliance, au NWA kwa kifupi. Kabla ya hapo karibu kila promota alikuwa na bingwa wake wa dunia, na mtazamaji aliyesafiri kutoka mji mmoja kwenda mwingine angeweza kukutana na mabingwa wa dunia watatu ndani ya juma moja. Umoja huo uligawana maeneo na kukubaliana juu ya bingwa mmoja, ambaye angezunguka kwa kila mwanachama, apambane na shujaa wa mahali hapo, awajazie ukumbi, kisha aondoke na mkanda wake. Bingwa, kwa maneno mengine, alikuwa mali ya pamoja. Ili asishawishike kukimbia na mkanda au kukataa kuuachia alipoamriwa, aliwekeshwa dhamana ya fedha. Katika enzi ya Buddy Rogers dhamana hiyo ilikuwa dola 25,000.

Rogers alikuwa mtu wa madaha. Alipaka nywele zake rangi ya dhahabu, alitembea ulingoni kwa maringo, na watu walilipa fedha zao kwa hamu ya kumwona akiadhibiwa. Tarehe 30 Juni 1961 alimshinda Pat O'Connor katika uwanja wa Comiskey Park mjini Chicago, mbele ya watazamaji 38,622, akawa bingwa wa NWA. Tatizo ni kwamba ratiba yake ilikuwa mikononi mwa mapromota wawili wa kaskazini-mashariki, Vincent J. McMahon na Toots Mondt, ambao walimshikilia New York na miji ya jirani huku wanachama wa maeneo mengine wakilalamika kwamba bingwa wa wote amegeuzwa kuwa bingwa wa wachache. Viongozi wa umoja waliamua kumvua ubingwa. Waliyemtuma kufanya kazi hiyo ni Lou Thesz, bingwa wa zamani ambaye mieleka ya kweli, ile isiyopangwa, aliijua barabara, kiasi kwamba Rogers asingethubutu kuleta ukaidi ulingoni.

Pambano lilifanyika Toronto, Kanada, tarehe 24 Januari 1963, na Thesz akashinda. Ila lilikuwa pambano la kuangushana mara moja tu, ilhali mapambano ya ubingwa wa NWA kwa desturi yalihitaji mtu amwangushe mwenzake mara mbili kati ya tatu. McMahon na Mondt walikishika kipengele hicho kama wakili anavyoshika kosa la tarehe kwenye hati ya mashtaka. Walitangaza kwamba hawautambui ushindi wa Thesz, wakajitenga, na wakaanzisha chama chao, World Wide Wrestling Federation, au WWWF.

Hapo ndipo hitaji la Rio lilipojitokeza. Chama kipya kilichojiita cha dunia nzima kilihitaji bingwa wa dunia, na bingwa waliyekuwa naye alikuwa ametoka kuangushwa waziwazi huko Toronto. Wangeweza kusema tu kwamba bado wanamtambua Rogers, lakini madai hayo yangewalazimisha kueleza kila siku habari za Toronto, za Thesz, na za umoja waliouacha. Kumtawaza upya katika ukumbi wao wa New York nako kungekuwa na kasoro, kwa sababu ubingwa wa dunia unaoanzia na kuishia katika jimbo moja haumshawishi mtu. Kilichofaa ni mashindano makubwa, ya mbali, yaliyokwisha malizika. Mwezi Aprili 1963 watazamaji walielezwa kwamba Rogers ametoka Rio de Janeiro akiwa bingwa, na kwamba katika fainali alimshinda Antonino Rocca.

Uteuzi wa Rocca haukuwa wa bahati nasibu. Rocca alizaliwa Italia na kukulia Ajentina, alipambana pekupeku, na kwa miaka mingi alikuwa kipenzi cha watu wa New York wenye asili ya Italia na ya Amerika ya Kilatini. Kumtaja yeye kama aliyeshindwa kuliipa hadithi uzito: watu walimjua, na hakuna aliyestaajabu kusikia kwamba mtu kama huyo amepigana Amerika ya Kusini. Rio nayo ilikuwa na umbali uliofaa, kwani kila mtu alikwisha kuisikia lakini ni wachache mno waliokuwa na ndugu wa kumpigia simu ili kuuliza kama ni kweli. Picha za televisheni hazikuvuka bara kwa urahisi, na magazeti makubwa ya New York hayakuwa na haja ya kumtuma mwandishi Brazili kuchunguza habari za mieleka. Uongo huo, ukiupima kama kazi ya ufundi, ulikatwa kwa kipimo sahihi.

Rogers hakudumu. Tarehe 17 Mei 1963, katika ukumbi wa Madison Square Garden, kijana mwenye nguvu za ajabu aliyezaliwa Pizzoferrato, Italia, na kulelewa Pittsburgh, Bruno Sammartino, alimshinda kwa sekunde 48. Sammartino aliushikilia mkanda huo hadi tarehe 18 Januari 1971, yaani siku 2,803, muda ambao hadi leo hakuna bingwa mwingine wa mkanda huo aliyeufikia katika utawala mmoja. Baada ya miaka hiyo karibu minane ya kumbi zilizojaa, hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuliza mkanda ulitoka wapi.

Kampuni ilipohitaji mkanda wa pili, ilirudi katika kisima kile kile. Mwaka 1979 jina lilipunguzwa neno moja, WWWF ikawa WWF, na bingwa mkuu alikuwa Bob Backlund, mtu mmoja asiyeweza kuwa katika miji mitatu usiku mmoja. Mkanda wa pili ungewezesha onyesho la mji mwingine nalo liwe na bingwa wa kutangazwa kwenye mabango. Pat Patterson, mzaliwa wa Montreal, Kanada, alikuwa tayari na mkanda wa Amerika ya Kaskazini aliomnyang'anya Ted DiBiase mwezi Juni mwaka huo. Mnamo Septemba ilitangazwa kwamba Patterson amekwenda Rio de Janeiro, ameshinda mashindano, na ameuunganisha ubingwa wake na ule wa Amerika ya Kusini, hivyo kuwa bingwa wa kwanza wa mabara. Hoja ya kijiografia ilikuwa nyepesi lakini haikuwa na kasoro: ili mkanda uwe wa mabara ni lazima yawepo angalau mabara mawili, na bara la pili lililokuwa karibu zaidi lilianzia kusini mwa Panama.

Katika miaka iliyofuata Rio iligeuka kuwa mzaha wa wazi kati ya kampuni na mashabiki wake. Mwaka 1989 wawakilishi wa kampuni walilieleza Bunge la Seneti la jimbo la New Jersey kwamba mieleka yao ni burudani na si mashindano halisi ya michezo, lengo likiwa kuondokana na usimamizi na kodi zilizotozwa michezo ya ushindani. Baada ya kukiri hivyo hapakuwa na haja ya kuilinda hadithi ya Rio, lakini haikufutwa. Wasimulizi waliendelea kuitaja, mara nyingi kwa tabasamu.

Na mkanda wa mabara wenyewe ulipata heshima ya kweli licha ya kuzaliwa kwa uongo. Pambano la Randy Savage na Ricky Steamboat la tarehe 29 Machi 1987 huko Pontiac, Michigan, huhesabiwa na wengi kuwa miongoni mwa mapambano bora ya karne iliyopita, na lilipiganiwa mkanda huo wa mabara. (Kampuni ilitangaza kwamba siku hiyo uwanja ulikuwa na watu 93,173, tarakimu ambayo watafiti wa mieleka wameipinga kwa miaka mingi, inaonekana Rio haikuwa peke yake.) Rekodi ya siku 454 iliyowekwa na Honky Tonk Man kati ya mwaka 1987 na 1988 ilisimama kwa zaidi ya miongo mitatu, mpaka Gunther wa Austria alipoipita na kufikisha siku 666 kabla ya kushindwa mwezi Aprili 2024.

Kwa Waafrika, mkanda wa mabara una kisa kingine cha jiografia ya kubuni. Kofi Kingston aliutwaa mwezi Juni 2008 kwa kumshinda Chris Jericho, na usiku ule alitambulishwa kama mtu wa Jamaika, akizungumza kwa lafudhi ya kisiwa hicho. Kingston amezaliwa Ghana. Lafudhi na utambulisho wa Jamaika viliachwa mwaka 2009, na alipoutwaa mkanda mkuu kutoka kwa Daniel Bryan tarehe 7 Aprili 2019 alitangazwa kwa fahari kuwa bingwa wa kwanza wa WWE aliyezaliwa Afrika. Ghana haikuwa imesogea mahali popote katika miaka hiyo kumi na moja. Kilichobadilika ni hesabu za kampuni kuhusu kile kitakachouzika.

Lakini kisa kinachoeleza vizuri zaidi maana ya rekodi katika mieleka kilitokea miezi michache tu baada ya Rio ya Patterson, na ni kinyume chake kabisa. Kampuni ya WWF ilikuwa na ushirikiano na New Japan Pro-Wrestling, iliyoanzishwa mwaka 1972 na Antonio Inoki, yule yule aliyepambana na Muhammad Ali jijini Tokyo mwaka 1976. Tarehe 30 Novemba 1979, mjini Tokushima, Japani, Inoki alimwangusha Bob Backlund na kuuchukua mkanda mkuu. Pambano hili lilifanyika. Ulingo ulikuwepo, refa alikuwepo, watu walilipa viingilio na kuona kwa macho yao. Tarehe 6 Desemba wawili hao walirudiana Tokyo, na Backlund akashinda, lakini kwa kuwa mwanamieleka Tiger Jeet Singh aliingilia pambano, Hisashi Shinma, Mjapani aliyekuwa na cheo cha rais wa WWF, alitangaza kwamba matokeo hayahesabiki. Inoki hakukubali kurudishiwa mkanda kwa njia hiyo, ukabaki bila mwenyewe, na tarehe 17 Desemba Backlund akauchukua tena kwa kumshinda Bobby Duncum katika Madison Square Garden.

Huko Marekani habari za Tokushima hazikutangazwa kwa watazamaji, na historia rasmi ya kampuni haikuziingiza. Sababu haihitaji kutafutwa mbali: Backlund aliuzwa nyumbani kama bingwa asiyeshindwa, na soko la Japani lilikuwa la Inoki. Kila upande ulipata hadithi iliyoufaa, na bahari katikati ilihakikisha kwamba hadithi hizo hazikutani. Umbali ambao mwezi Septemba ulitumika kuumba pambano ambalo halikuwepo, mwezi Novemba ulitumika kulizika lililokuwepo.

Inoki, kwa njia, ndiye mtu pekee katika habari hii nzima ambaye Brazili ilikuwa kweli sehemu ya maisha yake. Alihamia huko na familia yake akiwa kijana, mwaka 1957, na ni huko São Paulo ambako Rikidōzan, mwanamieleka mkubwa wa Japani wa wakati ule, alimwona na kumrudisha nyumbani kumfunza kazi. Jina lake halimo katika orodha ya mabingwa wa mkanda mkuu. Utawala wa Backlund umeandikwa humo kuwa wa siku 2,135 mfululizo, kuanzia tarehe 20 Februari 1978 hadi 26 Desemba 1983, na katika siku hizo zimehesabiwa pia zile za mwisho wa mwaka 1979 ambapo mkanda haukuwa wake.